Nusu ya Joho la Martino

Swali liliulizwa siku ya Jumamosi, kama kweli ilikuwa Jumamosi, maana katika mji ule siku zilijipanga zenyewe na hakuna aliyezihoji. Majira ya baridi yaliweza kuja mara mbili katika mwaka mmoja, watu wakaugua kifua mara mbili, na mwaka uliofuata yasije kabisa. Mwalimu Desideria alikuwa amewafundisha watoto wadogo mafundisho ya dini kwa miaka thelathini na mmoja kwa hesabu yake mwenyewe, na miaka kumi na tisa kwa hesabu ya parokia, na alikwisha choka kubishana na parokia. Alichokijua kwa hakika ni kwamba magoti yalikuwa yakimuuma, kwamba mbele yake walikaa watoto ishirini na wawili wenye umri wa kati ya miaka mitano na saba, na kwamba alikuwa amefika mahali pale katika hadithi ambapo watoto huwa wanatulia.

"Basi Martino alikuwa askari," alisema, akiinua juu picha aliyopewa na Padre Anselmi, picha iliyokwisha pauka hata farasi akafanana na ng'ombe. "Kijana tu, amepanda farasi, amevaa joho zito. Ilikuwa baridi kama hii yetu. Akafika kwenye lango la mji, akamkuta maskini hana nguo, anatetemeka. Watu wote walikuwa wanampita tu. Martino akachomoa upanga."

Akanyamaza kidogo. Hapo watoto hudhani kwamba maskini atakatwa, na Desideria, Mungu amsamehe, alizipenda sekunde zile mbili kuliko somo lote.

"Akalikata joho lake katikati. Nusu akampa maskini, nusu akajifunika mwenyewe. Halafu alipolala akaota ndoto. Akamwona Bwana Yesu amejifunika ile nusu, anawaambia malaika: Tazameni, Martino ndiye aliyenivika."

Kwenye benchi la tatu ukanyooshwa mkono. Ulikuwa mkono wa Fausta, binti wa Leokadia, mtoto wa miaka sita aliyeng'oka meno mawili ya mbele na ambaye hakuwahi kuuliza swali moja likaishia moja.

"Kwa nini nusu?"

"Ili wote wawili wapate joto, mwanangu."

"Nusu haina joto, Mwalimu. Sisi nyumbani tunalala watoto wanne kwenye blanketi moja. Ukiwa wa pembeni ni kama huna."

"Joho lake lilikuwa kubwa."

"Kama lilikuwa kubwa, si angempa lote? Yeye abaki na farasi. Farasi ana joto."

Watoto wote wakageuka kumtazama Mwalimu. Na Mwalimu akatoa jibu ambalo walimu wamekuwa wakilitoa tangu dunia ipate ubao wa kwanza. "Swali zuri sana. Tutalijibu wiki ijayo."

Kilichomkera njiani kuelekea nyumbani hakikuwa swali. Maswali ya watoto alikuwa ameyazoea kama mtu anavyozoea kukohoa. Kilichomkera ni kwamba alilijua swali lile, sauti yake, hata benchi lilikotokea. Aliwahi kuketi pale mwenyewe, miguu haifiki chini, akauliza maneno yale yale matatu, na katekista wa wakati ule, mzee mwenye vidole vikavu, akamfinya sikio hadi likawa jekundu siku nzima. Halafu akamkumbuka Leokadia naye akiuliza kutoka pale pale, naye ana pengo. Au huyo alikuwa Fausta? Kuna wakati Desideria alipolitazama benchi la tatu aliona mtoto mmoja tu, aliyekuwa akibadilishiwa jina kila baada ya miaka michache huku pengo na mkono vikibaki vilevile. Labda mtu hazaliwi. Labda linalozaliwa ni swali, kisha linatafuta mtoto wa kulibeba. Na kama ni hivyo, kwa nini limtafute mwalimu yule yule? Thelathini na mmoja. Sawa, kumi na tisa. Askari ana joho. Maskini hana. Upanga upo. Kitu chepesi hivyo, na bado mtakatifu mzima akaondoka akiwa na nusu mgongoni, akawaachia wengine kazi ya kumtetea mbele ya watoto wa miaka sita.

Siku mbili baadaye alimfuata Padre Anselmi ofisini. Padre alikuwa mtu mwema aliyependa vitabu kuliko majibu.

"Wapo wanaosema," Padre alimwambia, akifuta miwani, "kwamba joho la askari lilikuwa nusu lake na nusu la mfalme aliyemvisha. Kwa hiyo Martino alitoa kile kilichokuwa chake. Mtu hawezi kutoa sadaka kisicho chake, Mwalimu."

"Niwaambie watoto hivyo?"

"Waambie. Ni fundisho zuri kuhusu uaminifu."

Jumamosi iliyofuata Desideria akawaambia. Kama angefikiri kidogo asingewaambia, lakini alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huchukua jibu la kwanza linaloingia mkononi kama anavyochukua kijiti cha kuchochea moto.

Maana katika mji ule palikuwa na Ngome. Ilikaa juu kilimani, kuta zake za kijivu, na hakuna aliyejua ni nani hasa anakaa ndani, ingawa kila mtu alimjua mtu anayemjua mmoja wao. Kila majira ya baridi yalipoingia, Ngome iligawa blanketi moja la kijivu kwa kila nyumba iliyoandikwa katika daftari lake. Katikati ya kila blanketi palikuwa na mhuri mweusi wa duara wenye maneno MALI YA NGOME. Watoto walijifunza kusoma kwa maneno yale kabla ya kujua kuandika majina yao.

Kwa hiyo aliposema kwamba nusu ya joho ilikuwa ya mfalme na nusu ya Martino, ule mkono wa benchi la tatu haukungoja hata amalize.

"Na blanketi letu? Nusu ni letu?"

"Fausta, tunamzungumzia mtakatifu."

"Mhuri uko katikati, Mwalimu. Pembeni haujafika."

Kulikuwa na maharage jikoni kwake, yaliyoachwa kwenye moto mdogo. Aliyawaza yale maharage. Aliyawaza magoti yake.

"Labda," alisema.

Neno hilo moja lilitosha. Hadi Jumatano, nyumba kumi na tisa zilikuwa zimeamka na kukuta mablanketi yao yamekatwa, mengine kwa mkasi, mengine kwa kisu cha mboga, moja kwa meno. Zile nusu zilipelekwa kwa watu wa Tanurini. Hawa walikuwa familia chache zilizoishi nje ya lango, ndani ya tanuri la kale la matofali, na kwa kuwa majina yao hayakuwa katika daftari la Ngome, hawakuwahi kupewa blanketi. Wazazi walipita pale kila siku wakienda mashambani, na kila mmoja alikuwa amejifunza kutazama upande wa pili wa njia. Watoto hawakuwa wamefundishwa bado kutazama upande huo. Walitoka kwa mstari, wakiwa wameshika nusu zao kifuani, na kwa mujibu wa mama mmoja wa Tanurini aliyesimulia baadaye, kila aliyetoa nusu alisimama palepale akasubiri kuona kama aliyepewa ni Bwana Yesu.

Leokadia alifika kwa Desideria kabla jua halijapanda. Hakubisha hodi.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema, maana hasira haijapata kumfanya mtu avunje adabu katika mji ule.

"Milele amina. Karibu ukae, Mama Fausta."

"Sikai. Mwalimu, nina watoto wanne. Jana usiku wamelala chini ya nusu. Mdogo anakohoa. Nimemuuliza Fausta nani kakutuma, akaniambia Martino. Nikamuuliza Martino ni mtoto wa nani. Mume wangu akaenda nyumba kwa nyumba kumtafuta huyo Martino amchape."

"Leokadia, mwanangu, sikuwaambia wakate."

"Uliwaambia nini?"

Desideria akatafuta neno kubwa zaidi la kusema, hakulipata. "Niliwaambia labda."

Leokadia alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua akipima kama itasugulika. "Hata mimi ulinifundisha pale darasani," alisema mwishoni. "Nilipouliza uliniambia wiki ijayo." Akajifunga vizuri khanga yake, akaondoka.

Ijumaa akaja Mkaguzi wa Ngome. Jina lake lilikuwa Eleuteri, mtu mrefu mwenye koti la kijivu na sauti ya upole, na upole wake ndio uliochosha zaidi, kwa sababu ulikuwa haumwachi mtu akasirike. Alikalia kigoda jikoni kwa Desideria na kumpa karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Hatutaki kumwadhibu mtu, Mwalimu. Hadithi tu ndiyo ina kosa. Tumeisahihisha."

Desideria akaisoma. Ilisema kwamba Martino alipomwona maskini alilipeleka joho lake, likiwa zima, Ngomeni. Ngome ikaona uhitaji, ikaandika jina la maskini, na baada ya utaratibu kukamilika ikampa joho jipya. Martino akarudishiwa lake. Wote wakafurahi.

"Na ndoto?"

"Ndoto tumeiondoa. Inachanganya." Mkaguzi akakunja mikono. "Kesho utawafundisha hivi, nami nitakaa nyuma nisikilize. Wakishajua, nyumba zote kumi na tisa zitapata blanketi jipya Jumatatu. Wasipojua, zitasubiri baridi ijayo."

"Baridi ijayo inaweza isije. Au ikaja mwezi ujao."

"Hilo si la idara yangu," alisema Mkaguzi.

Mtu asije akasema kwamba Desideria alikataa. Alikubali, tena akaona nafuu. Alikaa peke yake na karatasi ile akaona kwamba hata ni hadithi nzuri: haina upanga, hakuna anayebaki na baridi, na haina mahali ambapo mtoto anaweza kunyoosha mkono. Alimfikiria mdogo wa Leokadia anavyokohoa. Akamwambia Martino, kimoyomoyo, kama mtu anavyosema na shemeji mkaidi: wewe umelala peponi na nusu yako, mimi nina nyumba kumi na tisa. Nisamehe au usinisamehe. Ulikuwa na joho moja na maskini mmoja. Mimi nikihesabu hapa naishiwa vidole. Kwani ukweli unalindwa na nani, na kwa nini kila mara ni mtu mwenye magoti mabovu?

Kesho yake akasimama mbele ya darasa. Mkaguzi alikaa kwenye benchi la mwisho, magoti yakimfika kidevuni.

"Martino alikuwa askari," alianza Desideria. "Akamwona maskini anatetemeka. Basi akavua joho lake, akalipeleka Ngomeni."

"Hapana, Mwalimu," wakasema watoto.

Hawakusema kwa ukaidi. Walisema kama mtu anavyomwambia mwenzake kwamba kamba ya kiatu imefunguka. Mtoto anayeitwa Onesmo, ambaye hakuwahi kusema lolote tangu aanze darasa, akaongeza, "Alichomoa upanga."

"Sikilizeni kwanza. Leo tunaisimulia vizuri zaidi. Alilipeleka Ngomeni, na Ngome—"

"Alilikata katikati," wakasema ishirini na wawili kwa pamoja, na mikono ishirini na miwili ikakata hewa.

Alijaribu mara ya tatu. Alianza mbali zaidi, akaanza na farasi, akamsifu farasi, akamzungusha farasi mji mzima ili wasahau, na aliposogea taratibu kuelekea kilimani, watoto wakamrudisha langoni kama wachungaji wanavyomrudisha mbuzi. Desideria alijua jambo ambalo Ngome haikulijua, na alishangaa kwamba alikuwa amelisahau: mtoto mdogo ukimsimulia hadithi mara moja, ni yake, na ukikosea hata rangi ya kofia atakusahihisha, kwa sababu katika dunia ambamo siku hazijulikani zinakuja kwa mpango gani, hadithi ndiyo kitu pekee ambacho kesho kitakuwa kama jana.

Mkaguzi akasimama. "Watoto," alisema kwa ule upole wake, "Mwalimu wenu alikosea mwanzoni. Martino hakukata kitu."

"Ulikuwepo?" akauliza Fausta.

"Sikuwepo."

"Basi."

Mkaguzi akaisoma karatasi yake yote kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, na watoto wakamsikiliza kwa adabu, mikono mapajani. Alipomaliza akawaomba wairudie. Wakairudia: askari, lango, maskini, upanga, nusu, ndoto. Akaisoma tena. Wakairudia tena vilevile. Mara ya nne sauti yake ilikwaruza, na kwa mara ya kwanza katika mji ule watu waliona mtu wa Ngome akijipangusa jasho.

"Hawajajua," alimwambia Desideria mlangoni. "Mablanketi hayatatolewa. Na mimi nitakuja kila Jumamosi hadi wajue."

Alasiri ile Desideria alilikunja blanketi lake mwenyewe, zima, akaenda kwa Leokadia. Alienda kwa hasira. Alikuwa na hasira na Ngome, na Padre na vitabu vyake, na mtakatifu, na zaidi ya wote alikuwa na hasira na yule mwanamke mwenye umri wake aliyesema labda. Alimkuta Leokadia uani anatwanga, mtoto mdogo mgongoni akikohoa.

"Chukua," alisema. "Lote. Usinishukuru."

Leokadia akaweka mchi chini. Akalipokea blanketi, akalikunjua, akalitazama upande huu na upande ule, kisha akaingia ndani akatoka na mkasi.

"Nimesema lote."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Mimi niko peke yangu. Ninyi mko sita."

"Na kifua chako ninakijua tangu nikiwa mtoto." Leokadia alikuwa amekwisha tafuta katikati, akaubana mhuri kwa vidole viwili. "Ukinipa lote tutakuwa tumebadilishana baridi tu. Leo unaliacha hapa, kesho ni zamu yangu kukuletea wewe. Hatutamaliza kutembea. Shika upande huo, uvute."

Desideria akashika. Mkasi ulikuwa butu na kitambaa kigumu, kwa hiyo ilichukua muda, wanawake wawili wakivutana uani na mtoto akikohoa juu yao. Mhuri uligawanyika kwa shida. Upande mmoja ulibaki MALI YA, upande wa pili NGOME. Leokadia aliunganisha kipande chake na nusu yao ya zamani kwa uzi mnene wa gunia. Hakikuwa kitu kizuri kukitazama, ila kilikuwa na upana wa kuwafunika wanne.

Alirudi nyumbani na nusu begani. Baridi ilimfikia upande mmoja. Miaka thelathini na mmoja, alijiambia. Semina mbili za jimbo. Vitabu vya Padre Anselmi. Na jibu lilikuwa kwa mwanamke anayetwanga mahindi, ambaye pengine alikuwa nalo siku zote na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiuliza. Alicheka kidogo njiani, kicheko kisicho cha furaha hasa, na kifua kikambana. Kumi na tisa, alijisahihisha. Thelathini na mmoja.

Wiki nzima alilibeba lile jibu kama mtu anayebeba maji kwa viganja. Alilitengeneza kwa maneno ya watoto, akalifupisha, akalifanyia mazoezi mbele ya maharage. Jumamosi ilipofika, au siku iliyojiita hivyo, aliingia darasani na nusu yake mabegani, akawakuta wote wamekaa, na Mkaguzi kwenye benchi la mwisho na karatasi yake.

"Leo," alisema Desideria, "tutalijibu lile swali la Fausta. Kwa nini nusu."

Fausta akamtazama kwa huruma. "Hilo limeisha, Mwalimu."

"Limeisha vipi?"

"Limeisha tu. Leo ni hadithi ya bata bukini. Uliahidi."

Alikuwa ameahidi kweli, wakati fulani, kwa mtoto fulani. Darasa zima likaanza kupiga mabawa kwa viwiko. Desideria akasimama hapo na jibu lake likimvuja viganjani, akawatazama mmoja mmoja, akatafuta hata mmoja wa kumpa, hakumwona. Akashusha pumzi.

"Haya," alisema. "Martino alipoacha uaskari, watu wakataka awe askofu. Yeye hakutaka. Akaenda akajificha katika banda la bata bukini. Bata wakapiga kelele hadi akakamatwa."

Mkono wa Fausta ukawa juu. "Kwa nini ajifiche kwa bata na anajua wana kelele? Si angejificha kwa sungura?"

Desideria akafumba macho. Alipoyafumbua, kwenye benchi la mwisho kitu kilikuwa kimebadilika. Mkaguzi alikuwa ameiweka karatasi sakafuni, chini ya kiatu chake.

"Samahani," alisema, na sauti yake haikuwa na ule upole. "Lile la nusu. Mimi sijajibiwa."

"Hapa mtu hunyoosha mkono, Bwana Mkaguzi."

Mkono mrefu wa koti la kijivu ukainuka taratibu, kwanza hadi begani, halafu juu kabisa, na watoto wakageuka kuhakikisha kama umenyooka vizuri.

"Subiri zamu yako," alisema Mwalimu Desideria. "Fausta ametangulia."